AFYA NYUMBANI: Ufa katika Mfupa wa Wayo

Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prusia, aliandika habari za askari waliovimba nyayo baada ya safari ndefu za miguu, ijapokuwa hawakuanguka wala kupigwa. Sababu haikujulikana hata mwaka 1897, eksirei ilipodhihirisha kwamba mifupa yao imeingia ufa.

Katika wayo mna mifupa mitano mirefu itanguliayo vidole. Kila hatua huichosha, na mwili huitengeneza wakati wa mapumziko. Mbio zikiongezwa ghafula, uchovu huyashinda matengenezo. Hapo mfupa hupata ufa mwembamba, hasa ule wa pili au wa tatu.

Maumivu huanza kidogo wakati wa kukimbia, hutulia mtu akipumzika, kisha huzidi siku hata siku. Juu ya wayo huvimba, na mahali pamoja pakibonyezwa mgonjwa hushtuka. Eksirei ya majuma mawili ya kwanza huenda isionyeshe kitu. Hiyo si hoja ya kumwita askari mvivu. Wengi huficha maumivu kwa kuogopa jina hilo, lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Dawa kubwa ni kupumzika. Mbio na gwaride huachwa kwa majuma sita hadi manane, na kiatu chenye soli ngumu huvaliwa. Kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe. Jamaa wa nyumbani wasiuchue wayo kwa nguvu, wala mgonjwa asimeze vidonge vya maumivu ili arudi uwanjani, maana ufa huweza kukua hata mfupa ukakatika. Maumivu yakiwa juu katikati ya wayo, au ubavuni upande wa kidole kidogo, daktari aonwe mapema, kwani mifupa ya hapo huunga kwa shida.

Jiko nalo lina kazi yake: maziwa, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, hujenga mfupa. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa mazoezi mengi na chakula haba yumo hatarini zaidi, naye yampasa kumwona daktari.

Maumivu yakiisha kabisa, mgonjwa aanze kwa kutembea, kisha akimbie kidogo siku moja na kupumzika siku ya pili. Mkufunzi ampaye askari majuma sita ya kupona hajampoteza. Amlazimishaye kukimbia huenda akamkosa kwa miezi mingi.