Wezi wa Mawazo na Mikataba Isiyosomwa

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika vichwa vya wanaoanza kuandika filamu, hakuna iliyoleta hasara nyingi kwa faida ndogo kama ile isemayo kwamba wazo la filamu ni mali inayoibika, na kwamba mwandishi mchanga asiye na jina hana budi kulificha hadi siku atakapolipwa. Imani hiyo huzaa tabia zilezile kila inapofika: skripti, yaani mswada unaoeleza filamu tukio kwa tukio pamoja na maneno ya wahusika, hulala katika kompyuta miaka mitatu bila kusomwa na mtu, mtayarishaji, ambaye ndiye atafutaye fedha na kuisimamia kazi nzima, hutakiwa kutia sahihi hati ya kutunza siri kabla hajaambiwa hata jina la filamu, na mwandishi akiulizwa hadithi yake inahusu nini, hujibu kwamba watu wataiona itakapotoka. Haitoki. Mlango unaolindwa kwa makufuli yote hayo sio anaopitia mwizi.

Yafaa kwanza kueleweka ni kitu gani hasa kinachouzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, sawa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ambao nchi zote mbili zimejiunga nao, hulinda kazi iliyokwisha kutungwa, wala hailindi wazo tupu lililo nyuma ya kazi hiyo. Tofauti ya mambo haya mawili huonekana vizuri katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye habari zake hazina mwenyewe, ingawa kila aliyezitungia utenzi alikuwa na utenzi wake. Mfungwa kutoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate ni wazo, nalo hakuna awezaye kulimiliki, kwa kuwa limekwisha kutumiwa mara nyingi mno. Lakini kisa chenyewe kinasimulia kwamba mama yake Liyongo aliitia tupa ndani ya mkate wa wishwa, akampa mjakazi aupeleke pamoja na chakula kizuri. Walinzi wakakila kile kizuri wenyewe, wakamtupia mfungwa mkate wa wishwa kwa dharau. Naye akakereza minyororo yake huku ngoma iliyokuwa ikichezwa nje ikiufunika mlio wa chuma. Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa filamu inapoanza, kwa sababu ni lazima aamue kama mtazamaji ataiona tupa ikizamishwa katika kinyunya tangu mwanzo, ili kila tonge wanalomeza walinzi limkaze roho, au ataiona pale tu mkate unapovunjwa, apate mshangao wa mara moja. Na ni lazima aamue ngoma ianze lini, isite lini, na tupa ifanye nini katika kimya hicho. Katika mpangilio uliozoeleka ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa takriban dakika moja ya filamu, kwa hiyo maamuzi hayo yote yanatakiwa kuenea katika kurasa mbili au tatu. Kurasa hizo ndizo zinazonunuliwa.

Mtayarishaji aliyeiba wazo bado hana kitu. Itambidi amlipe mtu mwingine aandike kurasa tisini hadi mia na ishirini ambazo mwenye wazo pengine angemuuzia kwa bei nafuu, kwani mwandishi anayeanza ni miongoni mwa watu wasiolipwa sana katika bajeti yoyote ya filamu, na ni nadra mwizi mwenye akili kuiba kitu ambacho wizi wake unamgharimu kuliko bei yake. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, ilitoka mwaka 1999, ikasomwa shuleni na vijana wengi kiasi kwamba wazo lake lilikuwa mikononi mwa kila mwenye daftari; hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 2021, ndipo ikawa filamu chini ya uongozaji wa Amil Shivji. Kilichokosekana muda wote huo hakikuwa wazo.

Watetezi wa imani hii hukimbilia Hollywood, ambako kesi za aina hiyo zimewahi kufika mahakamani, na ni haki wajibiwe hukohuko. Mwaka 1949 Victor Desny alipiga simu katika ofisi ya mwongozaji Billy Wilder, akamsomea katibu muhtasari wa habari za Floyd Collins, aliyenaswa pangoni huko Kentucky mwaka 1925, na katibu akauandika kwa hatimkato. Mwaka 1951 Wilder akatoa filamu ya Ace in the Hole, inayohusu mtu aliyenaswa pangoni. Mahakama ya Juu ya California, katika uamuzi wake wa mwaka 1956, haikusema kwamba wazo ni mali ya Desny. Ilichokubali ni kwamba anayetoa wazo kwa sharti la kulipwa likitumika, na anayelipokea huku akilijua sharti hilo, wanaweza kuhesabiwa kuwa wamepatana hata pasipo karatasi. Ni kesi ya mapatano, wala si ya wizi wa mali. Tena hofu ya kesi kama hizo imechangia kuzifanya studio kubwa za Marekani kukataa hata kufungua skripti iliyotumwa bila wakala, kwa hiyo ukuta unaomzuia mwandishi mchanga leo umejengwa, kwa sehemu, na shuku za waandishi wenzake.

Kesi ya pili ina mafunzo zaidi. Art Buchwald, mwandishi mashuhuri wa safu za magazeti, aliiuzia kampuni ya Paramount kisa cha mfalme wa Kiafrika anayekwenda Marekani. Mpango ukaachwa, kisha mwaka 1988 kampuni hiyohiyo ikatoa Coming to America, filamu ambayo wengi katika Afrika Mashariki waliiona kwa kanda za video zilizochakaa. Buchwald alishinda mwaka 1990, na alishinda kwa sababu mkataba wake uliitaja filamu yoyote itakayotokana na kisa chake. Kama angekificha kabatini asingekuwa na cha kumpeleka mahakamani. Lakini mkataba huohuo ulimwahidi sehemu ya faida halisi, yaani kinachobaki baada ya gharama zote kutolewa, na kwa hesabu za kampuni, filamu iliyoingiza mamia ya mamilioni ya dola haikuwa na faida halisi hata senti. Mahakama ilibidi iyavunje baadhi ya masharti hayo kwa kuyaona ya ukandamizaji, na mwaka 1992 Buchwald akapewa dola 150,000, huku mwenzake katika kesi, mtayarishaji Alain Bernheim, akipewa 750,000.

Hapo ndipo mwizi alipo, na huingia kwa mlango wa mbele akiwa na kalamu. Katika miaka ya kanda na diski, mazoea ya soko la filamu la Dar es Salaam yalikuwa msambazaji kuinunua filamu pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, na mwandishi, kama alilipwa kabisa, alilipwa kabla ya hapo kwa kiasi alichoridhika nacho kwa sababu ya njaa ya wiki ile. Nyaraka za namna hiyo hazihitaji kuwa ndefu ili ziwe na madhara. Maneno "haki zote, kwa muda wote, katika njia zote" yanatosha kuchukua tamthilia ya televisheni, sehemu ya pili, tafsiri na matumizi ya intaneti kwa pamoja. Mwandishi makini huuliza kila haki inauzwa kwa bei gani na itarudi lini isipotumika. Akiweza, huanza na mkataba wa kushikilia, ambao ni kama kishika uchumba katika posa: mtayarishaji hutoa kiasi kidogo ili skripti isiuzwe kwa mwingine kwa muda uliotajwa, tuseme miezi kumi na minane, na muda ukiisha bila ndoa, skripti hurudi kwa mwenyewe na fedha haidaiwi.

Kuhusu ulinzi wenyewe, mambo ni machache. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, na usajili kwa taasisi za hakimiliki, COSOTA nchini Tanzania au KECOBO nchini Kenya, hufaa kama ushahidi wa nani alikuwa na nini na tarehe gani, ushahidi unaoongezewa nguvu na barua pepe iliyobeba skripti kwenda kwa kila aliyeisoma. Kadiri wasomaji wanavyokuwa wengi ndivyo mashahidi wanavyokuwa wengi, na ndivyo makosa ya ukurasa wa kumi yanavyogunduliwa kabla ya kufika mezani kwa mnunuzi ambaye, asipovutiwa, huenda asifike ukurasa wa kumi na moja.

Kwa hiyo skripti ipelekwe kwa watayarishaji watano, jina la mwandishi na tarehe vikiwa ukurasa wa kwanza. Na siku mmoja wao atakapoleta karatasi ya kutia sahihi, mwandishi aombe kwenda nayo nyumbani. Anayekataa karatasi yake ilale hata usiku mmoja kwa mwandishi atakuwa ameshaeleza kilichomo ndani yake.