Kipande cha mwenzio si taka

Mwanafunzi mmoja wa hapa Kisumu alinijia juzi, uso umekunjamana. Kwa wiki tatu alikuwa akienda kila jioni katika karakana moja ya pamoja, mahali ambapo vijana hutoa ada kidogo, wakatumia mashine ambazo si rahisi mzazi wa kawaida kumnunulia mwanawe. Alikuwa akiunda kasha la mbao nyembamba, la kuwekea kifaa cha kupimia joto la maji katika bwawa la samaki. Vipande kumi na viwili, vyote vimekatwa na kupigwa msasa, vimebaki kuunganishwa tu. Akaviacha mezani akaenda kunywa chai. Aliporudi, vinne vilikuwa vimetobolewa matundu. Mwenzake alitaka ubao wa kujaribia drili, na akaona vipande hivyo "vimelala tu."

"Hata pole hakusema," kijana akanilalamikia. "Aliniuliza tu, mbona hukuandika jina?"

Siku mbili baadaye ndipo alipotakiwa kuionyesha kazi hiyo kwa walimu wake. Alikwenda na kasha lenye matundu, akapewa alama za kasha lenye matundu.

Neno karakana ya pamoja lisikutishe, msomaji. Kwetu huku jambo hili ni la zamani kuliko hizo mashine za leza. Pita Kibuye, kando ya barabara kuu ya Jomo Kenyatta, hasa Jumapili ambapo soko hufurika, kisha utege sikio upande wa mafundi. Kila mmoja ana biashara yake, wateja wake na madeni yake. Lakini jiliwa ni moja kwa watu wanne, fuawe iliyotokana na kipande cha reli kuukuu huhama kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na bili ya stima hugawanywa.

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, likasema wazi kwamba watu wa namna hii si wazururaji, bali wanazalisha mali na kustahili kusaidiwa. Ilichukua miaka mingi neno hilo kusikika. Ilikuwa mwaka wa 1985 ndipo Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji kule Nairobi, akaagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga jua, na baadaye vibanda vya aina hiyo vikaonekana katika miji mingine. Mabati yakaezekwa. Lakini serikali haiezeki adabu. Hiyo mafundi waliitunga wenyewe, haijaandikwa popote, na ole wake asiyeijua.

Chukua suala la mteja. Jirani yako ameenda kula, mteja wake anafika na pesa mkononi. Wewe unaunda kitu kile kile, na pengine hujauza tangu asubuhi. Desturi ni kumpa mteja kigoda na kumwambia, "Mwenyewe anakuja sasa hivi." Akiwa na haraka, unapokea arbuni na kuitunza mpaka jirani arudi. Nimeona mafundi wakisameheana matusi, hata ngumi, lakini aliyemnyang'anya mwenzake mteja wakati wa chakula huyo hukaa miaka akiazima nyundo asipewe.

Au vumbi. Seremala anapaka vanishi kochi la harusi, nawe umewasha mashine ya kusaga chuma hatua tatu kutoka kwake. Cheche na unga wa chuma hutua juu ya vanishi mbichi, na kazi ya siku mbili inarudi kwenye msasa. Hukumgusa wala hukumwibia, ila umemlaza njaa. Mstaarabu hupaza sauti kwanza: "Kuna rangi mbichi?" Vivyo hivyo kwa anayechomelea vyuma, kwani mwanga ule humtesa macho usiku kucha mtoto wa jirani aliyesimama kutazama.

Mimi somo la vipande nililipata kwa aibu. Desemba ya mwaka wa 2004 nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nikangojea matokeo nikiwa kwa mjomba wangu Kibuye. Yeye alitengeneza majiko. Jirani yake, mzee ambaye sote tulimwita Jaduong', alitengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Ulikuwa msimu wake, kwani mwezi wa Februari kila mtoto wa kidato cha kwanza alihitaji sanduku, na oda za miezi miwili ndizo zilizomlisha nusu ya mwaka.

Nikaingiwa na wazo la kumtengenezea mama kizoleo cha taka. Chini ya meza ya Jaduong' palikuwa na kipande cha bati kilichoshika kutu, kona moja imepinda, kina matundu manne na mikwaruzo isiyoeleweka. Nikakitwaa. Nikakipitisha mkasi wa bati katikati, kra kra kra, na nilijiona fundi kamili.

Kumbe kile kilikuwa kigezo chake. Kila kona ya kila sanduku aliloliunda ilipimwa kwa kipande hicho, mikwaruzo ikiwa ndipo pa kukunja na matundu ndipo pa kupiga ribiti. Alirithi kigezo hicho kutoka kwa fundi aliyemfunza, na fundi huyo alikuwa amekwisha kufariki.

Jaduong' hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliviweka vipande viwili mezani, akavisogeza vikutane, akainama kutazama. Mkasi ulikuwa umepinda kingo, havikukutana tena. Basi akavaa shati lake akaenda nyumbani. Ilikuwa saa nne asubuhi, katikati ya msimu wa masanduku.

Kesho yake mjomba aliacha majiko yake, tukaenda sote watatu hadi mtaa wa Manyatta, kwa mama mmoja ambaye mwanawe alinunuliwa sanduku na Jaduong' mwaka uliotangulia. Tukamwomba alitoe. Alimwaga nguo na madaftari kitandani huku akicheka, akatuchemshia chai, na Jaduong' akapiga magoti sakafuni kupima kona moja baada ya nyingine kwa karatasi na penseli. Ilimchukua asubuhi nzima. Njiani mjomba aliniambia neno moja tu: "Ungeuliza."

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa kasha. Karakana hizi mpya, ambazo wengi huziita fablabu, zilichipuka kutoka chuo cha MIT kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaenea ulimwenguni. Hapa Kisumu ipo Fablab Winam, iliyochukua jina la ghuba yetu. Zina mkataba mmoja mfupi wa pamoja, na ukiusoma utadhani uliandikwa Kibuye: usiumize watu wala mashine, saidia kusafisha na kutunza mahali, na ulichojifunza wafundishe wengine.

Tofauti ni kwamba huku makosa yamejificha zaidi. Mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, inayoweka tabaka juu ya tabaka, inaweza kumaliza saa nane kwa kitu kimoja. Anakuja mwingine, anaona imefika nusu, mwenyewe hayupo, anabonyeza kitufe cha kuizima ili achape chake cha dakika kumi. Hajui kwamba ile nusu sasa ni takataka kweli, kwa kuwa kazi iliyokatizwa hivyo ni vigumu kuunganika tena. Mwingine anaingiza plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji, katika mashine ya leza. Hutoka moshi wenye asidi unaodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine, na anayekuja kesho hajui aliyemharibia ni nani.

Kuhusu kuigana pia kuna ubishi, na mimi sina upande mmoja. Jiko letu lenye udongo ndani, lililoanza kuenea mapema miaka ya 1980, wazo lake lilitokana kwa sehemu na jiko la Thailand, na lilienea kwa sababu mafundi wa jua kali walilitazama wakaliiga bila mtu kuwazuia. Familia nyingi ziliokoa makaa kwa sababu hiyo. Basi kuiga si dhambi. Ndiyo maana ule mkataba wa fablabu unakubali mbunifu auze na kulinda ubunifu wake apendavyo, lakini unataka wengine waweze kuutumia kujifunza. Anayetaka ulinzi zaidi, sheria ya mwaka 2001 inamruhusu kusajili umbo la bidhaa yake kwa miaka 5, na kuurefusha usajili huo mara mbili. Ninalolikataa mimi ni la yule anayechungulia kazi ya jirani isiyokwisha, akakimbia kuiuza kwanza kwa mteja yule yule. Huko si kuiga tena. Ni kumwahi mtu kwenye sahani yake.

Na wageni nao. Hapo Dunga, ufuoni, watu wa mjini huja mwisho wa wiki kula samaki. Nimeona kundi likikwea mashua iliyoinuliwa juu ya magogo, mbao zikiwa bado hazijazibwa nyufa, ili wapigwe picha. Fundi wake alisimama kando na patasi mkononi, akitabasamu kwa taabu. Kwao ilikuwa mbao tupu. Yeye alikuwa akihesabu ni wapi patakapovuja.

Kijana nilimwambia jambo ambalo hakulipenda. Yule mwenzake alikosa, tena vibaya, na kutosema pole kulizidisha kosa. Lakini meza ya watu wote si kabati la mtu mmoja. Aliyeacha vipande kumi na viwili hapo akaenda chai amewanyima wenzake nafasi, na amewaachia kazi ya kubahatisha kipi ni kazi na kipi ni mabaki. Jina na tarehe kwa chaki huchukua nusu dakika. Mafundi wa Kibuye hupiga alama ya rangi, wengine hufunga kitambaa. Alinijibu kwamba Jaduong' naye hakuweka alama. Nikanyamaza, maana hapo alinishika.

Kigezo kipya kilipokuwa tayari, Jaduong' alikitoboa tundu la tano, akakitundika kwa msumari juu ya meza. Sanduku langu la kidato cha kwanza nililipata kwake Februari iliyofuata. Mjomba, ambaye sijapata kumwona akinunua hata nyanya bila kuomba apunguziwe, aliuliza bei, akahesabu noti, akalipa.