Chachu na Dawa ya Malaria

Wapikao pombe ya ndizi hapa Kitanga wanaijua chachu: hula sukari, hutoa kileo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, waliipa kazi nyingine. Waliitia jeni za mmea wa artemisia, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba inatoa asidi inayoweza kugeuzwa kuwa artemisinini, msingi wa dawa mseto ya malaria. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuitengeneza kwa wingi huko Italia.

Wapo wanaosema hiyo si dawa ya asili. Sisi hatuoni sababu ya hofu. Artemisinini ya chachu na ya jani ni kitu kimoja, na ikishasafishwa chachu haibaki. Wagonjwa wa kisukari nao wametumia insulini itokanayo na bakteria au chachu tangu miaka ya 1980.

Tatizo lilikuwa bei. Artemisinini ya mashambani ilishuka chini ya dola 250 kwa kilo, ile ya chachu ikashindwa sokoni, na Sanofi ikauza kiwanda. Tunaona hiyo ni hasara. Bei ikianguka wakulima huacha artemisia, wakiwamo wa Afrika Mashariki, na homa ya mtoto haingojei mavuno yajayo.

Wazazi, msichemshe majani yake badala ya vidonge. Kipimo chake hakijulikani. Mtoto apimwe. Akipewa dawa mseto, amalize dozi zote 6 kwa siku 3, hata akianza kucheza siku ya pili.