Hilo Si Kosa la Kamera

Anayedai kwamba kusaka makosa katika filamu za siasa ni kazi ya wasio na kazi anachanganya mambo mawili. Glasi iliyopungua kisha ikajaa yenyewe, sawa, tumsamehe mhariri. Lakini Lincoln ya Steven Spielberg (2012) inaonyesha wabunge wawili wa Connecticut wakipinga kufutwa kwa utumwa. Tarehe 31 Januari 1865, wabunge wote wanne wa jimbo hilo waliunga mkono. Mbunge Joe Courtney alipolalamika mwaka 2013, mwandishi wa filamu, Tony Kushner, alikiri kubadilisha kura hizo kwa makusudi, eti kuonyesha mchuano ulivyokuwa mkali. Mkali ulikuwa tayari: 119 kwa 56, kura mbili tu juu ya theluthi mbili zilizohitajika. Huko ni kuisingizia Connecticut.