Si Kila Ufito Unafaa Kuwa Mshale

Jamani, tuongee ukweli. Hapa Mulanda kuna ubishi juu ya fito, na watu wameugeuza uwe ubishi wa wapenda vita na wapenda amani. Sivyo. Huu ni ubishi wa miti, na wa mikono ya watoto.

Mnajua ilivyokuwa. Tulipoanza mchezo wa kulenga shabaha, wazee wawili Wateso wenyeji wa hapa Tororo walitukatia fito na kutufundisha. Halafu shirika moja likaona fito za wazee hazina kiwango, likaleta za msonobari zilizokerezwa kwa mashine, unene mmoja, laini, za kupendeza macho. Wazee wakaambiwa asanteni. Kwenye kamati watu wakapiga makofi. Mimi nasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ufito wa dukani hutoka kwenye ubao, na msumeno haujali nyuzi za mti zinaelekea wapi. Chukua mmoja uutazame juani. Utaona nyuzi zinakimbilia ubavuni na kuishia njiani kabla ya kufika ncha. Hapo ndipo utavunjika. Na hauvunjiki ukiwa umelala stoo! Unavunjika upote ukiachiliwa, mkono ulioshika upinde uko pale pale, na kipande chenye ncha kinaingia nyamani. Lakini chipukizi la mkole lililokatwa zima, nyuzi zake zinatoka shinani hadi juu bila kukatwa. Unalikata kiangazi, unalimenya, unafunga mengi pamoja yasijipinde, unaweka kivulini wiki kadhaa. Likibaki na kombo unalipasha kwenye makaa na kulinyoosha taratibu. Lenye fundo unatupa, hata kama limenyooka namna gani.

Kuna jingine, na hili ndilo linaniuma. Mshale ukiondoka hauendi wima kama msumari. Unapinda, unazunguka mti wa upinde, ndipo unajinyoosha. Kwa hiyo ugumu wa ufito lazima ulingane na nguvu ya upinde. Upinde wa mtoto wa miaka 12 ni laini. Mpe ufito mgumu na mshale utakwenda kushoto, kama anavuta kwa mkono wa kulia. Kila siku kushoto. Halafu kocha anamwambia, "Wewe hujui kulenga." Mtoto anaacha kuja, anarudi kukaa nyuma ya mahema. Kumbe kosa ni la ufito! Kupima ni rahisi: laza ufito juu ya matofali mawili, ning'iniza chupa ya maji ya lita moja katikati, angalia umeinama kiasi gani. Zinazoinama sawa ziende kwa upinde mmoja. Wazee walifanya hivyo kwa vidole tu.

Kama mnaona huu ni ushamba, basi Waingereza nao ni washamba. Meli yao ya kivita, Mary Rose, ilizama 1545, na ilipochunguzwa ilitoa mishale zaidi ya 3,000, mingi ya mti mwepesi wa mpopla, huku pinde zikiwa za mti mwingine kabisa. Walichagua mti kwa kazi yake. Wawaata wa Tsavo nao waliangusha tembo kwa upinde mrefu. Hiyo haikuwa bahati.

Najua kuna hofu. Ndugu wa mashirika, hamhitaji kutukumbusha. Wengi wetu tulivuka Busia na Malaba Januari 2008 tukikimbia, na kuna waliokimbia mishale hiyo hiyo. Ndiyo maana mishale yetu ina vichwa butu vya mti, inahesabiwa jioni na kufungiwa. Lakini niambieni, ufito wa dukani ni wa amani kwa vipi kuliko wa mzee? Mtu mwenye nia mbaya hangoji semina. Na kama tatizo ni miti ya wenyeji, hilo ni la haki, tuliongee: tuombe mwenye shamba, tukate machipukizi tu, shina libaki. Mianzi ya Mlima Masaba tusiiguse, iko ndani ya hifadhi. Matete ya kinamasini yapo, nayo yanafaa ukiyatia kichwa cha mti mgumu.

Kamati inakutana Ijumaa. Nitakuja na matofali mawili, chupa ya maji na fito kumi, tano za dukani na tano za wazee. Aliyepiga makofi aje azipime mwenyewe. Na wazee waitwe, wapewe viti vya mbele, walipwe kama wanavyolipwa wakufunzi wengine.