Askari Tabibu Tunayemgeuza Bawabu

Ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, pale Mwera, yupo mtu ambaye wanakijiji humwita "Dokta" ingawa si daktari, na yeye mwenyewe hujitahidi kuwasahihisha. Alilitumikia jeshi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya utumishi huo alibeba mkoba wa tiba pamoja na bunduki. Anajua kuzuia damu inayoruka kutoka kwenye paja lililopasuliwa, kumlaza majeruhi ili asipaliwe na damu yake mwenyewe, na kuamua nani abebwe kwanza pale majeruhi wanapokuwa sita na machela mbili. Leo analinda lango la nyumba ya wageni ufukweni. Amepewa rungu, filimbi na daftari la kuandikia namba za magari. Sanduku la huduma ya kwanza limefungiwa ofisini, na ufunguo anao karani anayeondoka saa kumi na moja jioni.

Nilimwuliza kama mwajiri anafahamu kazi aliyokuwa akiifanya jeshini. Akacheka. "Mwalimu, wanajua nilikuwa askari. Hilo ndilo waliloniuliza."

Sikumtaja ili tumhurumie. Ulinzi ni kazi halali, na mlinzi anastahili heshima kama mhadhiri. Hoja yangu ni nyingine: taifa limegharimia ujuzi adimu kwa fedha ya umma, kisha linauacha upotelee langoni, na anayelipa hasara hiyo ni majeruhi ambaye bado hatujamjua jina.

Tukumbuke ujuzi huo hutoka wapi. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa. Wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Tuliwaomboleza waliokufa, na ilikuwa haki yao. Lakini ni wangapi kati yetu waliouliza ni mikono ya nani iliyowafunga majeraha waliorudi hai? Katika tiba ya vitani, damu inayotoka kwa wingi huua kwa dakika, haimsubiri daktari. Anayesimama kati ya majeruhi na kaburi ni askari mwenzake aliyefunzwa.

Uraiani nako dakika ni zilezile. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililipuka Morogoro na kuua watu zaidi ya 100. Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Sidai kwamba mtu mmoja mwenye bendeji angeyabadili matukio hayo. Ninachosema ni kwamba katika msiba wa namna hiyo wanaofika kwanza ni mlinzi, dereva wa bodaboda na mama lishe, na ni lazima tujiulize wana nini mikononi.

Kwingineko duniani swali hili limejibiwa kwa kuanzisha kazi kamili. Askari tabibu wa zamani wa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini huajiriwa na kampuni za ulinzi kama mhudumu wa dharura: migodini, kwenye visima vya mafuta vya Iraq, na katika meli zilizovuka Bahari ya Hindi enzi za maharamia wa Kisomali. Iraq hiyohiyo iliwachukua maelfu ya Waganda, wengi wao kama walinzi wa mageti kwa ujira mdogo mno ukilinganisha na wa wenzao wa Magharibi. Hapa ndipo panaponiuma. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 linatoka Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani, Tanga, mwendo wa saa chache kutoka Mwera. Je, katika miradi ya aina hii mkoba wa tiba utabebwa na mgeni, na rungu libebwe na mwenyeji? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi wetu tunamtunza kwa filimbi.

Chanzo cha tatizo ni karatasi, wala si uwezo. Marekani humfanyisha askari tabibu wa jeshi la nchi kavu mtihani wa kitaifa wa kiraia wa huduma za dharura wakati wa mafunzo yake, hivyo anapovua sare anatoka na cheti kinachosomeka nje ya kambi. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Duke kilianzisha kozi ya wasaidizi wa madaktari kwa wanafunzi wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini. Kutokana na darasa hilo dogo ilizaliwa taaluma ambayo leo ni nguzo ya hospitali za Marekani.

Kwetu, askari aliyepitia chuo cha tiba na kupata stashahada ana pa kushika. Ninamzungumzia yule aliyefunzwa kazini na vitani. Sheria ya mwaka 2017 ya wanataaluma wa udaktari na afya shirikishi inalinda vyeo vya tiba, na ni haki ilinde. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inazungumzia huduma ya kwanza kazini. Katikati ya sheria hizo mbili hakuna daraja linaloonekana wazi machoni pa sajini anayestaafu akiwa bado na nguvu zake.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa nchi imejaa matabibu wa vichochoroni, na kwamba kumpa mstaafu kibali ni kufungua mlango wa sindano za chumbani. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini hitimisho lake limekaa kichwa chini. Mtu anayeitwa "Dokta" kijijini bila leseni, bila mipaka na bila msimamizi ndiye hatari tuliyonayo sasa. Kumpima, kumwandikisha na kumwekea mipaka ndiyo kinga yenyewe.

Basi ninadai mambo matatu. Kwanza, kila askari tabibu apimwe na kupewa cheti cha kiraia kabla hajavua sare. Pili, Wizara ya Afya na Wizara ya Ulinzi ziweke daraja la mhudumu wa dharura lenye mipaka iliyoandikwa: azuie damu, afungue njia ya hewa, asafirishe majeruhi, asitibu malaria wala asiuze dawa. Tatu, zabuni za ulinzi za Serikali ziweke sharti la kuwa na mtu mmoja wa namna hiyo katika kila zamu. Serikali ianzie nyumbani kwake, kwa kuwa SUMAJKT ina kampuni ya ulinzi.

Nina onyo pia kwa wanaoniunga mkono. Tukiishia kumpeleka "Dokta" wetu kutoka langoni hadi kwenye chumba cha huduma cha hoteli, tutakuwa tumemnusuru mtalii na kumsahau jirani. Kwa miaka mingi mtu wa Mwera aliyejeruhiwa usiku alitenganishwa na hospitali ya Pangani na mto na kivuko kisichosafiri usiku kucha. Kwa hiyo leseni hiyo imfunge mhudumu chini ya usimamizi wa hospitali ya wilaya, na namba yake iwe kwenye orodha ya dharura. Mpango wa m-mama, ambao mzazi husafirishwa kwa kupiga 115, umetuonyesha kwamba dereva wa kawaida wa kijijini anaweza kuingizwa katika mfumo wa kuokoa maisha. Kama dereva anaweza, aliyefunga majeraha vitani atashindwaje?

Wanafunzi wangu wa sheria, andikeni rasimu ya kanuni hizo. Nanyi watumishi wa wizara mnaosoma hapa kimyakimya, faili hili halihitaji mfadhili ndipo lifunguliwe. Na nyumba za wageni za Mwera na kwingineko hazina haja ya kusubiri Bunge. Mpeni mlinzi ufunguo wa lile sanduku leo jioni.