Jando Bila Rika: Safari ya Shujaa na Uongozi wa Akina Kimani Wawili

Miongoni mwa nadharia za kigeni zilizopokewa katika idara za fasihi za Afrika Mashariki, ni chache zilizokaribishwa kwa moyo mkunjufu na kuulizwa maswali haba kama ile ya Safari ya Shujaa. Mwanafunzi hupewa filamu, humteua mhusika mkuu, kisha huanza kuhesabu: mwito umesikika, kizingiti kimevukwa, majaribu yamepatikana, tunu imetwaliwa, shujaa amerejea. Hatua zikitimia, mhusika hutangazwa kuwa kiongozi aliyekamilika. Hatua ya mwisho ikikosekana, husemwa kwamba uongozi wake ulikuwa na dosari. Makala haya yanaupinga utaratibu huo. Hoja yake ni kwamba muundo huu, ukigeuzwa kuwa kipimo cha uongozi, humpima mtu kwa jambo ambalo aghalabu si yeye aliyeliamua, yaani marejeo. Na kwa njia hiyo hukumu ya waliotengeneza filamu huvishwa joho la sheria ya maumbile.

Ni vyema kuanza na asili ya muundo wenyewe. Joseph Campbell aliueleza mwaka 1949 katika kitabu chake The Hero with a Thousand Faces, na hakuficha mahali alikoutoa. Hatua zake tatu kuu, yaani kutengwa, kufundwa na kurejea, zilitokana na utaratibu wa sherehe za mpito ambao Arnold van Gennep alikuwa ameuchambua mwaka 1909. Kwa maneno mengine, msingi wa nadharia hii ni jando na unyago. Baadaye Christopher Vogler aliufupisha muundo huo kwa ajili ya waandishi wa filamu wa Hollywood, kwanza kwa waraka wa miaka ya 1980, kisha kwa kitabu kilichotoka mwaka 1992, akaupa hatua 12 ambazo leo hukaririwa madarasani kana kwamba ziliteremshwa.

Lakini jando halikuwa safari ya mtu mmoja. Katika jamii ya Wagikuyu, mathalani, vijana waliingia tohara kwa pamoja, wakatoka wakiwa rika moja lenye jina moja, na jina hilo likawafunga hadi kaburini. Mamlaka nayo hayakuwa tuzo ya yule aliyestahimili kisu kuliko wenzake. Yalishikwa na kizazi kizima kwa muda, kisha yakakabidhiwa kizazi kilichofuata katika sherehe ya ituika. Aliyetoka jandoni hakuulizwa amejifunza nini juu ya nafsi yake; aliulizwa ni wa rika gani. Campbell amelichukua jando, akaliacha rika. Mhakiki anayeutumia muundo huu kuuchambua uongozi wa mhusika wa Kigikuyu anarudishiwa mali ya kwao ikiwa imenyofolewa kiungo kilichobeba maana ya uongozi.

Madhara ya unyofoaji huo yanaonekana wazi katika filamu mbili zinazohusu vita vya Mau Mau, ambazo kwa sadfa wahusika wake wakuu Waafrika wanaitwa Kimani. Ya kwanza ni Something of Value, iliyoongozwa na Richard Brooks mwaka 1957 kutokana na riwaya ya Robert Ruark. Humo Sidney Poitier anaigiza kama Kimani, kijana aliyekua kama ndugu na Peter, mwana wa setla. Kimani anapigwa kofi na shemeji yake Peter, babake anatiwa gerezani, naye anatoroka na kuingia msituni, anakula kiapo na hatimaye anakuwa kiongozi. Mwishoni anakubali kusalimu amri, lakini masetla wanavunja ahadi na kufyatua risasi. Mkewe anauawa, naye anafia katika shimo lenye miti iliyochongwa. Mtoto wake mchanga anachukuliwa na Peter.

Ya pili ni The First Grader, iliyoongozwa na Justin Chadwick mwaka 2010. Hii inatokana na maisha ya Kimani Maruge, mzee aliyejiandikisha katika darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri uliotajwa kuwa miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure. Maruge wa filamu, anayeigizwa na Oliver Litondo, aliwahi kuteswa kizuizini. Sasa anataka kuisoma mwenyewe barua aliyotumiwa na serikali. Anapingwa, anavumilia, anakwenda Nairobi kuwaonyesha wakubwa wa elimu makovu yake, na mwishowe anashinda.

Mhakiki wa hatua 12 hana kazi ngumu hapa. Kimani wa kwanza ameitikia mwito na kuvuka kizingiti, lakini hakurejea. Kwa hiyo ni shujaa aliyeshindwa na kiongozi aliyepotoka. Kimani wa pili amerejea na tunu, nayo ni kusoma. Kwa hiyo uongozi wake umetimia. Hitimisho hili linaonekana la kitaaluma, lakini halijasema lolote juu ya uongozi wa yeyote kati yao. Limesema tu ni mpiganaji yupi ambaye sinema iliweza kuvumilia kumwona akirudi nyumbani: si yule mwenye bunduki anayedai ardhi mwaka 1957, bali mzee mwenye kalamu anayedai dawati mwaka 2010. Muundo umeyapokea maamuzi hayo mawili ukayaita hulka za wahusika.

Fauka ya hayo, muundo hutaka kila safari ianze kwa jeraha la mtu binafsi, na filamu ya Brooks inauridhisha kwa lile kofi. Mtazamaji anaelekezwa kuamini kwamba laiti kofi lisingepigwa, Kimani asingekwenda msituni. Ardhi iliyotwaliwa, kipande kilichoning'inizwa shingoni na kazi ya uskwota katika mashamba ya masetla vinabaki kuwa mandhari ya nyuma ya ugomvi wa marafiki wawili. Mhakiki anayeliita kofi hilo "mwito" anaurudia upotoshaji huo kwa istilahi ya heshima.

Ilivyokuwa nje ya filamu, uongozi wa msituni ulikuwa suala la halmashauri na mabishano. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, Nyeri, hakuongoza kwa sababu alikuwa amevuka vizingiti vya nafsi yake. Mwaka 1954 wapiganaji wa Nyandarua waliunda chombo walichokiita Bunge la Kenya, na Kimathi akawekwa kuwa mkuu wake. Stanley Mathenge, naye wa Nyeri, hakukubaliana na mpango huo, na mgawanyiko wao ulikuwa juu ya maswali ya kweli ya uongozi: nani ana haki ya kuamuru, kwa idhini ya nani, na elimu ya shuleni ina uzito gani mbele ya uzoefu wa vita. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hati ya mashtaka ilihusu silaha iliyokuwa mkononi mwa mtu mmoja; haikuuliza waliomfuata walikuwa wakidai nini. Filamu ya Brooks ilitoka mwaka huohuo, na kwa namna yake iliendelea na kazi ya mahakama: kumtenga kiongozi na watu wake.

Hapana budi sasa kulitazama marejeo yenyewe mahali yalipotokea. Uwanja wa Ruring'u uko mjini Nyeri. Hapo, Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, wapiganaji walitoka msituni wakasalimisha silaha zao kwa serikali ya Jomo Kenyatta. Kama kuna tukio katika historia ya Kenya linaloonekana kana kwamba limechorwa na Campbell, ni hilo. Waliotengwa wamerudi, jamii imekusanyika kuwapokea, na kitu kinakabidhiwa. Lakini kitu kilichokabidhiwa kilitoka kwa waliorejea kwenda kwa waliowapokea, na kilichorudi upande wa pili kilikuwa kidogo. Ardhi ya masetla iliendelea kugawanywa kwa mipango ya makazi iliyotegemea ununuzi na mikopo, na asiye na kitu hakuwa na la kununulia. Chama chao kilibaki kuwa haramu kisheria mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya Ruring'u. Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 mwaka 2013, wakati wengi wa rika lao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Baimungi M'Marete wa Meru aliyapima marejeo hayo, akarudi msituni, akauawa na vikosi vya serikali huru mwaka 1965.

Je, waliosimama Ruring'u walikuwa viongozi kamili kwa kuwa walirejea, na Baimungi akawa kiongozi pungufu kwa kuwa aliyakataa marejeo? Swali hili halijibiki kwa Safari ya Shujaa, kwa kuwa muundo huo humchunguza anayerudi na kumwacha anayempokea. Kurejea ni mapatano ya pande mbili. Anayeichambua hatua hiyo bila kumtaja mwenye mlango amechambua nusu ya tendo.

Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildimasha katika vita hivyo, anaudhihirisha upungufu huu kuliko mhusika yeyote wa filamu. Alitoka msituni mwaka 1963, lakini nywele alizofuga huko hakuzikata mpaka Aprili 2022, mwaka mmoja na ushei kabla ya kifo chake mwaka 2023. Kwa takriban miaka 60 alitembea Nyeri akiwa amerejea kwa miguu na hajarejea kwa kichwa. Ukaidi huo ulikuwa uongozi: uliwakumbusha waliomwona kwamba hesabu haijafungwa. Orodha ya hatua 12 haina mahali pa kuuandika, sembuse kwamba katika mpango wa Campbell mwanamke huonekana hasa kama mungu wa kike anayekutwa njiani au kishawishi anayeepukwa, si kama yeye mwenye safari.

Kiu ya marejeo yanayopendeza macho ina hatari hata nje ya darasa. Mathenge alitoweka mwaka 1955, na uvumi ukadumu kwamba alikimbilia Uhabeshi. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilimleta Nairobi mzee mmoja kutoka huko na kumpokea kwa heshima za shujaa. Baadaye ikabainika kwamba alikuwa mkulima wa Kihabeshi, si Mathenge. Kilichosababisha fedheha hiyo ni hadithi iliyodai mwisho wake kwa nguvu hata mwisho ukatafutiwa mtu wa kuujaza. Wapiganaji waliorejea kweli, na waliokuwa wakiishi bila ardhi kilomita chache kutoka Ruring'u, hawakuhitaji kuletwa kwa ndege.

Watetezi wa muundo huu watasema kwamba ni zana ya kueleza msuko tu, na kwamba haihukumu. Utetezi huo una ukweli kiasi. Filamu nyingi zilizoandikwa baada ya Vogler ziliandikwa na watu waliozisoma hatua zake, na ni halali kulieleza jambo hilo. Hata hivyo, kuzikuta hatua 12 mahali zilipowekwa kwa makusudi si ugunduzi. Ni sawa na mtu kuficha kisu chake uvunguni kisha akajipongeza kwa kukiona. Na mara tu mhakiki anapoandika neno "uongozi" katika kichwa cha tasnifu yake, amekwisha kuacha kueleza na ameanza kuhukumu. Hapo zana inapaswa kujibu kwa ajili ya hukumu yake.

Fasihi ya Kiswahili ina mifano inayoonyesha njia nyingine. Katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa anatoka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, mkate ulioletwa na kijakazi Saada. Kisa kinamtaja Saada kwa jina, kwa kuwa bila yeye hapana shujaa. Na Liyongo anapouawa, anafia kisimani akiwa amepiga goti na kuuvuta upinde, mji ukaogopa kuteka maji. Hadithi haikomei katika nafsi yake. Inakomea katika kiu ya watu. Walioutunga mkasa huo walijua kwamba kifo cha kiongozi hupimwa kwa ndoo za wenyeji.

Basi mhakiki anayetaka kuuchambua uongozi wa mhusika wa filamu angeanza na maswali matatu. Nani walimtuma, na kwa dai gani? Nani walibaki nyuma wakimlisha, na walilipia nini? Katika Kenya ya kati, zaidi ya watu milioni 1 walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vya Hali ya Hatari ili chakula kisifike msituni; uongozi wa msituni hauelezeki bila wao, ilhali Safari ya Shujaa huwaita "ulimwengu wa kawaida". Na mwisho, nani alimpokea alipotoka, na kwa masharti ya nani? Akina Kimani wawili wakiulizwa maswali hayo, tofauti yao haiwi tena ya ukomavu wa nafsi. Wa kwanza alitokeza kwa ahadi akapigiwa risasi. Wa pili alifunguliwa mlango wa darasa, baada ya miaka 40, akiwa mzee asiyeweza tena kudai shamba.